DAWA ZINAZOTENGENEZWA KWETU: NANI ANAZINUNUA, NA MFANYAKAZI YUKO WAPI?

Maneno "ushirikiano wa serikali na sekta binafsi" yanasikika siku hizi kila mahali: redioni, katika hotuba za mawaziri, na hata kwenye mabango yanayosimamishwa uwanjani kabla tofali la kwanza halijawekwa. Yanatajwa zaidi pale panapozungumzwa habari za viwanda vya dawa na chanjo. Tumeona yafaa tuyaeleze kwa lugha ya kawaida, kwa sababu jambo hili linawagusa wenzetu wa viwandani, na linawagusa wa mashambani pia, kuliko wengi wanavyodhani.

Maana yake ni hii. Serikali inataka dawa zitengenezwe nchini, lakini haina ujuzi wala mtaji wa kutosha. Kampuni inao ujuzi, lakini haitaki kuleta fedha yake mahali ambapo haina hakika ya kuuza. Basi wanakaa mezani. Serikali inatoa ardhi, barabara, umeme, msamaha wa kodi, na mara nyingine ahadi ya kununua. Kampuni inaleta mitambo, mafundi na siri ya utengenezaji. Mara nyingi huwapo na wa tatu, shirika la kimataifa au nchi tajiri, anayetoa mkopo au msaada. Wa nne ni mfanyakazi. Yeye kwa kawaida haalikwi mezani, anasikia habari siku ya kukata utepe.

Hatuandiki haya ili kuupinga ushirikiano wenyewe. Sote tunakumbuka mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa Korona. Nchi tajiri zilijinunulia chanjo kwanza, Afrika ikabaki kwenye foleni. India, ambayo viwanda vyake vilitegemewa kutuletea chanjo, ilizuia kuzipeleka nje mwezi wa Machi mwaka huo, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umewaelemea watu wake. Ni vigumu kuwalaumu. Kila mzazi hulisha wanawe kwanza. Lakini somo lilieleweka, na mwezi wa Aprili 2021 Umoja wa Afrika uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2040, asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani ziwe zimetengenezwa barani. Wakati huo zilikuwa kama asilimia 1 tu. Shabaha hiyo haitafikiwa na serikali peke yake, wala na makampuni peke yake.

Tuanze na kiwanda kinachotajwa mara nyingi kama mfano mzuri katika kanda yetu. Kiko Luzira, Kampala, na kilifunguliwa mwaka 2007. Wafanyabiashara wa Uganda waliungana na kampuni ya Cipla ya India, na serikali ya Uganda ikasaidia kwa ardhi na kwa ahadi ya kununua. Kinatengeneza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi na dawa mseto ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilikipitisha kuwa kinafuata utaratibu mzuri wa kutengeneza dawa. Idhini hiyo si karatasi ya kutundikwa ofisini tu, kwa maana bila ya idhini ya Shirika hilo, au ya mamlaka ya dawa yenye masharti makali, wanunuzi wakubwa, kama Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria, kwa kawaida hawanunui.

Hapa tuseme jambo ambalo waheshimiwa hulisahau katika hotuba zao. Mkaguzi anapokuja kukagua kiwanda cha dawa, anatazama hewa, maji na mashine, lakini anatazama vile vile vitabu. Nani alipima unga huu? Nani alisafisha mashine kabla ya kuanza fungu jingine? Saa ngapi? Sahihi yake iko wapi? Kila fungu la dawa lina historia yake iliyoandikwa kwa mkono wa mfanyakazi, na mfanyakazi huyo ni lazima awe amefundishwa kazi hiyo na pawe na ushahidi kwamba amefundishwa. Kwa hiyo kiwanda kinachotaka idhini hiyo hakiwezi kuendeshwa kwa vibarua wanaokusanywa langoni asubuhi na kuachwa jioni. Mfanyakazi mwenye mafunzo ni sehemu ya idhini yenyewe. Viongozi wa matawi walishike vizuri neno hili, maana ni hoja ambayo mwajiri hawezi kuipuuza.

Mwezi wa Septemba 2018 hisa za kiwanda cha Luzira ziliuzwa kwa umma katika soko la hisa la Uganda, na mmoja wa wanunuzi ulikuwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi wa Uganda, NSSF. Yaani fedha inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari au wa shamba la chai iliingia katika kiwanda cha vidonge. Mwaka 2023 Cipla iliuza sehemu yake, iliyozidi kidogo nusu ya hisa zote, kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Africa Capitalworks. Mashine hazikuhama Luzira, lakini mwenye sauti kubwa alibadilika. Katikati ya mambo hayo kiwanda kilipata taabu kwa sababu ya deni: kilikuwa kimeiuzia dawa serikali ya Zambia, malipo yakachelewa, na deni hilo likaandikwa katika hesabu za kiwanda kama hasara. Serikali moja inapochelewa kulipa, kiwanda kilichoko nchi nyingine kinayumba. Yeyote aliyefanya kazi mahali ambapo mshahara unangoja "mpaka wateja walipe" anajua maana yake.

Sasa tuvuke mpaka twende Bukavu, kwa kuwa huko shamba na kiwanda ni mwili mmoja. Viwanda vingi vya dawa katika kanda yetu huagiza unga wenye nguvu ya dawa kutoka India au Uchina, kisha huuchanganya, huukandamiza kuwa vidonge na kuufunga. Pharmakina ya Bukavu ni tofauti. Malighafi yake ni magome ya mti wa kwinini unaoota katika milima ya Kivu. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wabelgiji waliupanda Kivu wakati wa ukoloni. Kabla ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia ilitoka Java, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, magome ya Afrika yalipata thamani kwa ghafla.

Wenzetu wa mashamba ya kwinini wanaijua kazi hii: kuotesha miche, kupalilia, kungoja miaka saba hadi kumi, kisha kukata mti, kuubandua gome na kulikausha. Kiwandani gome linasagwa, linachemshwa pamoja na dawa nyingine zinazovuta kwinini kutoka ndani yake, na mwishowe inapatikana chumvi nyeupe, chungu kuliko kitu chochote. Kampuni hii ilikuwa ya Boehringer Mannheim ya Ujerumani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipouzwa kwa mameneja wake, wakati Kongo iko vitani. Mwaka 2005 ilianza kutengeneza na dawa ya Ukimwi kwa msaada wa GTZ, lililokuwa shirika la serikali ya Ujerumani la ushirikiano wa kiufundi. Huo nao ulikuwa ushirikiano wa serikali na kampuni, ingawa serikali yenyewe ilikuwa ya mbali.

Kisha sayansi ikasogea mbele. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania. Walitibiwa watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali. Nusu walipewa kwinini, nusu walichomwa sindano ya dawa mpya zaidi iitwayo artesuneti. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa kama 109. Katika kila 1,000 waliopewa artesuneti walikufa kama 85. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba malaria kali ya watoto itibiwe kwa artesuneti; kwa watu wazima lilikuwa limekwisha kushauri hivyo miaka michache kabla.

Hakuna mfanyakazi wa shamba la kwinini atakayetaka mtoto wake apewe dawa dhaifu ili shamba liendelee. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini tufanye hesabu: mti uliopandwa mwaka 2003 ulikuwa ndiyo kwanza unakaribia kukatwa. Kazi ya miaka minane ya mpaliliaji ilipunguziwa thamani kwa ushauri ulioandikwa Geneva. Kwinini haikufa, kwani bado inatumika pale ambapo artesuneti haipatikani, na viwanda vya vinywaji huitia katika soda ile chungu. Lakini nafasi yake hospitalini ilipungua. Kampuni inaweza kutafuta bidhaa nyingine, na nchi fadhili inaweza kufunga mradi na kuandika taarifa. Mpaliliaji ana nini cha kugeukia? Na tangu Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa M23, mabenki yalifungwa na njia za biashara zikawa ngumu, na swali hilo likazidi uzito.

Na hiyo artesuneti inatoka wapi? Nayo inatoka shambani, katika jani la mmea wa artemisia. Nguvu yake iligunduliwa Uchina katika miaka ya 1970 na watafiti waliokuwa na Bibi Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilifanya mapatano na kampuni ya Novartis ya Uswisi iuze dawa mseto yake kwa nchi zenye malaria bila faida. Mapatano mazuri. Nchi nyingi zikaitaka dawa hiyo kwa pamoja, na mwaka 2004 majani yakawa hayatoshi. Wakulima wa Kenya, wa kaskazini mwa Tanzania, na wa Kabale huko Uganda wakahimizwa kulima artemisia. Mwaka 2005 bei ya kilo moja ya dawa iliyokamuliwa kutoka majani hayo ilifika zaidi ya dola 1,000. Kila mtu akapanda, Wachina na Wavietnamu wakapanda zaidi, na mwaka 2007 kilo hiyo hiyo ilikuwa chini ya dola 200. Wengi waling'oa wakarudia mahindi na viazi. Mapatano yale yalikuwa yamefunga bei ya kidonge; bei ya jani hakuna aliyeifunga.

Tunasimama sana juu ya mifano hii ya zamani kidogo kwa sababu mipya inakwenda njia ile ile. Katika Afrika ya Kusini kampuni ya Aspen iliandaa mitambo yake ya Gqeberha, na mwezi wa Machi 2022 ikapata idhini ya kuuza chanjo ya Korona ya Johnson & Johnson kwa jina lake yenyewe, kwa ajili ya Afrika. Serikali zilishangilia. Miezi miwili baadaye hakuna hata oda moja iliyokuwa imekuja, na kampuni ikasema itageuza mitambo ifanye kazi nyingine. Nchini Kenya, Moderna ya Marekani ilitangaza mwezi huo huo wa Machi 2022 kwamba itajenga kiwanda cha chanjo. Aprili 2024 ikasema imesimamisha mpango, kwa kuwa haijapata oda ya chanjo kwa ajili ya Afrika tangu 2022. Kigali wamefika mbali zaidi. BioNTech ya Ujerumani iliweka jiwe la msingi Juni 2022, sehemu za kiwanda zikaletwa zikiwa zimekwisha kuundwa ndani ya makontena, na Desemba 2023 kiwanja kilizinduliwa mbele ya wakuu wa nchi. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la CEPI liliahidi mpaka dola milioni 145 kukisaidia. Hata hivyo swali la Kigali ni lile lile la Luzira: nani atanunua, kwa miaka mingapi, na atalipa lini?

Kwa hiyo tukiulizwa roho ya viwanda hivi ni nini, tunajibu kwamba ni oda. Majengo yanaweza kupatikana kwa mkopo, mashine kwa msaada, wataalamu kwa mkataba, lakini kiwanda kisicho na oda ya kudumu hupunguza zamu kwanza, kisha huwapunguza watu. Dawa yetu mara nyingi ni ghali kidogo kuliko ya India, kwa kuwa viwanda vyetu ni vidogo, malighafi inasafiri mbali na umeme unakatika. Anayenunua kwa zabuni ya bei ya chini tu atanunua India kila mwaka. Anayetaka kiwanda cha nyumbani kikue itabidi alipe ile tofauti kwa muda. Hatuoni aibu kusema hivyo, mradi muda huo uwe na mwisho na hesabu ziwe wazi kwa wananchi wanaolipa.

Wengine wameanza kuelewa. Mwezi wa Juni 2024 huko Paris ulizinduliwa mpango wenye fedha zinazoweza kufika dola bilioni 1.2 kwa miaka kumi, wa kuwaongezea malipo watengenezaji wa chanjo wa Afrika: sehemu moja kiwanda kinapopata idhini ya Shirika la Afya Duniani, na sehemu kwa kila chanjo kinapouza kwa njia ya zabuni. Na mwaka 2025 Mfuko wa Dunia kwa mara ya kwanza ulinunua dawa ya Ukimwi ya matibabu ya mwanzo iliyotengenezwa Afrika, katika kiwanda cha Universal Corporation nchini Kenya, ikapelekwa Msumbiji. Ni mwanzo mdogo lakini wa kweli. Umekuja mwaka ambao Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla mwezi wa Januari, na zahanati nyingi zikahesabu vidonge vilivyobaki rafuni. Anayetegemea mnunuzi mmoja wa mbali hulala macho wazi.

Haya yote mfanyakazi atayageuzaje yawe yake? Iko silaha ya zamani ambayo matawi mengi yameisahau. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 94, unaohusu masharti ya kazi katika mikataba ya serikali. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote ziliuridhia katika miaka ya mwanzo ya 1960, wino wa uhuru ukiwa haujakauka. Mkataba huo unasema kwamba serikali kuu inapotumia fedha ya umma kujenga, au kununua vitu vinavyotengenezwa, au kulipia huduma, ni lazima mkataba wake na kampuni uwe na kifungu cha kuwalinda wafanyakazi: ujira, saa za kazi na hali nyingine zisiwe chini ya zile zilizokwisha kukubaliwa kwa mapatano ya vyama katika kazi kama hiyo na sehemu hiyo. Kifungu hicho kinawafikia hata wakandarasi wadogo, yaani wale wanaoletewa kazi ya kufunga, kusafisha na kulinda, ambao ndio hunyonywa zaidi. Kampuni ikikiuka, serikali inaweza kuinyima mikataba mingine, au kuzuia sehemu ya malipo ili wafanyakazi walipwe haki yao kutoka humo.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. Mkataba 94 unaifunga serikali inayonunua. Mnunuzi akiwa ni Mfuko wa Dunia au shirika jingine la nje, haumfikii, na huko inabidi vyama vyetu vipitie kwa serikali zetu na vyama wenzetu wa nchi fadhili. Unazungumzia "mapatano ya vyama", kwa hiyo pasipo na mkataba wa hali bora katika kazi hiyo, mara nyingi unabaki na kiwango cha sheria ya nchi, ambacho twakijua kilivyo. Tena hautaji mpaliliaji wa kwinini wala mlimaji wa artemisia aliyeko nyuma ya kiwanda. Kwa huyo, njia ni kudai kwamba mkataba wa ununuzi unaofungwa na kiwanda utaje na bei ya gome au ya jani, na muda wake ulingane na umri wa mti. Mti wa miaka minane hauwezi kutegemea oda ya mwaka mmoja.

Wakati wa kudai ni kabla ya sahihi. Serikali inapotangaza kwamba imetoa kiwanja kwa mwekezaji wa dawa, chama kiandike barua siku zile zile kwa Wizara ya Kazi na kwa Wizara ya Afya, kiulize kama kifungu cha Mkataba 94 kimo, na kiombe nakala ya masharti ya wafanyakazi. Kiulize habari ya mafunzo: mafundi wa kigeni watakaa miaka mingapi, na nani wa hapa atashika mashine wakiondoka? Kiulize pia hisa zikiuzwa kwa mwingine, kama ilivyokuwa Luzira mwaka 2023, mapatano ya wafanyakazi yatamfuata mwenye mali mpya au yataanza upya. Baada ya sahihi majibu huwa machache.

Palipo na kiwanda kinachokwisha kufanya kazi kwa oda ya serikali, mambo ni mepesi zaidi. Mkataba 94 unataka tangazo la hali za kazi libandikwe mahali pa kuonekana pale kiwandani, ili kila mfanyakazi asome anachostahili. Tawi lililo katika kiwanda cha namna hiyo, na ambalo halijawahi kuliona tangazo hilo, lianze kwa kumwuliza meneja limebandikwa ukuta gani, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.